Salamu za Januari kutoka Richmond

Ndugu, jamaa na marafiki, wa huku ughaibuni na wa nyumbani: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Nawatakia heri ya Siku ya Mchungaji Martin Luther King, Jumatatu hii ya tatu ya Januari. Baridi ya Richmond imeshika kwelikweli. Miti imepukutika, na bila chai ya tangawizi hakuna anayetaka kutoka nje.

Mliohamia Virginia karibuni mnaijua Jumatatu hii tu. Sisi tuliotangulia tunaikumbuka na Ijumaa iliyoitangulia, nayo ikiwa sikukuu ya jimbo. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilidamka kwenda kufuata kitambulisho, nikakuta ofisi ya jimbo imefungwa na karatasi mlangoni: Lee-Jackson Day. Majina hayo sikuyajua. Mzee mmoja Mweusi aliyekuwa akisubiri basi ndiye aliyenieleza kwamba ni majenerali wawili wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, na upande waliopigania ndio uliotaka wazee wake wabaki watumwa. Alisema kwa upole, kama mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo mara nyingi.

Robert E. Lee alizaliwa tarehe 19 Januari 1807, Stonewall Jackson tarehe 21 Januari 1824. Jackson alikufa Mei 1863, baada ya kupigwa risasi gizani na askari wa upande wake huko Chancellorsville. Lee alisalimu amri Appomattox tarehe 9 Aprili 1865. Lakini sikukuu haikuzaliwa wakati ule wa misiba. Siku ya kuzaliwa kwa Lee ilifanywa mapumziko ya jimbo mwaka 1889, Jackson akaongezwa mwaka 1904. Katikati hapo kuna 1902, na huo ndio mwaka usionitoka akilini.

Mwaka 1902 Virginia ilipata katiba mpya iliyotungwa makusudi ili Weusi wasipige kura. Iliweka kodi ya kura, dola 1.50 kwa mwaka, na mtu alitakiwa awe amelipa ya miaka mitatu ndipo aruhusiwe kupiga kura. Fikirieni kibarua wa mashamba ya tumbaku wakati ule: hela hiyo aitoe wapi? Majina ya Weusi yakafutwa kwa maelfu, na Wazungu maskini wengi wakaenda na maji hayohayo. Kwa hiyo mikono ileile iliyowavika majenerali heshima ya kalenda ndiyo iliyokuwa ikiwanyang'anya watu kura. Kodi hiyo iliondolewa kabisa mwaka 1966 tu, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kesi ya Annie Harper, mama wa Fairfax.

Kisha ikaja siku ya King, na Virginia ikafanya jambo ambalo hadi leo linanichoma: kuanzia 1984 iliwaweka wote watatu siku moja, Lee-Jackson-King Day. Mchungaji aliyeuawa akidai haki, bega kwa bega na waliopigania dola iliyotetea utumwa! Hata Douglas Wilder, mjukuu wa watumwa na Mweusi wa kwanza kuchaguliwa gavana nchini Marekani, aliongoza jimbo hili kati ya 1990 na 1994 sikukuu ikiwa na jina hilo. Mwaka 2000 ndipo walipotenganishwa, majenerali wakapewa Ijumaa, King akabaki na Jumatatu yake.

Ijumaa ya mwisho ilikuwa tarehe 17 Januari 2020. Masika ya mwaka huo gavana Ralph Northam akatia saini sheria ya kuifuta, na mapumziko yale hayakupotea: yalihamishiwa Novemba, siku ya uchaguzi. Niliposoma habari ile nilimkumbuka mzee wa kituo cha basi. Watu wanazungumza zaidi juu ya sanamu ya Lee iliyoshushwa hapa mjini Septemba 2021, kwa sababu winchi na shangwe vinaonekana kwa macho. Mimi naona kalenda ilikuwa na uzito zaidi. Wapo bado wanaokwenda Lexington kila Januari, walikozikwa majenerali hao, nami siwaombei mabaya. Kila mtu na makaburi yake. Ila siku ya jimbo ni ya wote wanaolipa kodi ndani yake, akiwemo yule mzee.

Basi, Jumatatu mlango wetu uko wazi kuanzia saa nane mchana. Pilau ipo, na kachumbari. Watoto waje na makoti mazito, watacheza uani. Na ninyi mliokwisha kula kiapo cha uraia lakini hamjajiandikisha kupiga kura, njooni na vitambulisho vyenu. Fomu tutajaza pamoja mezani, chai ikiwa bado ya moto.