Shukrani kwa kijana wa bodaboda, njia ya Amani

Kaka yangu, jina lako sikuuliza, na hilo linaniuma. Jumamosi ile ya mvua, gari lilipokwama kwenye tope njia ya Muheza kwenda Amani, ulimpakia mwandishi tuliyemwalika, ukavua koti lako la mvua ukafunika boksi la vitabu. Ulifika maktaba umelowa chapachapa. Vitabu vikavu kabisa. Kidato cha pili walikuwa wanasubiri tangu saa tatu. Msichana mmoja, ambaye darasani hata kuitika jina ni shida, alisimama akasoma kurasa mbili kwa sauti, mwandishi mwenyewe akimsikiliza! Nauli ulikataa, ukasema mdogo wako anasoma hapo. Mwambie apite maktaba, kuna nakala nimemwekea. Asante sana, Mungu akubariki.