Safari ya Mama kuja Paramaribo, Suriname

Paramaribo

Kwako Dada Mwanaidi,

Shikamoo dada. Huku wote wazima, Aisha kaota meno ya mbele, kazi inakwenda.

Ujumbe wa Salimu nimeusikiliza mara tatu. Ati pesa ya tiketi ya Mama bora anunuliwe yeye bodaboda, Mama mtu mzima atafuata nini Suriname? Atamfuata mwanawe. Miaka tisa sijamshika mkono. Shamba la Bweni liliuzwa sikuulizwa, nikanyamaza. Hili sinyamazi. Pesa nimetuma kwa jina lako, na Salimu asipewe hata senti. Mwambie pia asinipigie saa nane mchana ya huko. Huku ni saa mbili asubuhi, niko kazini. Nyie mkiamka kuswali alfajiri, sisi bado ni saa tano ya usiku wa jana.

Sasa sikiliza, maana utamsindikiza wewe. Mtapitia Amsterdam, na kutoka hapo hadi uwanja wa Zanderij ni kama saa tisa angani. Msilipe tiketi kabla hujaulizia vibali vya nchi zote mbili, huku mnakokuja na Uholanzi mnakopita. Mimi niliwahi kulipa kabla ya kuuliza, na pesa ile haikurudi. Chanjo ya homa ya manjano mchome siku kumi kabla ya safari au zaidi, na kadi zake zikae kwenye mkoba wa mkononi. Uwanja uko kilomita 45 nje ya mji, ila msihangaike na teksi. Nitakuja kuwachukua mwenyewe na gari langu! Leseni ninayo, dada. Magari huku yanapita kushoto kama nyumbani, na lile daraja refu la Wijdenbosch linalopanda juu kama mlima naliendesha bila kutetemeka. Chini yake bado kuna mashua za mbao zinazovusha watu kwenda Meerzorg, ng'ambo ya mto. Kila nikiziona nakumbuka kivuko cha Bweni, na Baba amesimama na baiskeli yake.

Njooni Septemba. Julai na Agosti Wasuriname wa Uholanzi wanarudi likizo na nauli inapanda, na mpaka katikati ya Agosti mvua ndiyo zake. Mvua kubwa ya huku inaitwa sibibusi, yaani ufagio wa msitu: unaisikia inavuma juu ya miti kabla haijakufikia. Septemba ni kukavu, lakini joto lake si mchezo, kwa hiyo sweta la Mama libaki kabatini. Shilingi zetu hakuna wa kuzibadilisha. Leteni dola za Marekani au yuro, noti safi, tukabadilishe dukani, siyo barabarani. Na birika la umeme usibebe. Umeme wa huku ni volti 127, maji hayatachemka mpaka mkate tamaa. Chandarua kipo.

Chakula Mama hatakosa. Wana kitu kinaitwa heri heri: muhogo, viazi vitamu, ndizi na majimbi, vyote vimechemshwa, na samaki wa chumvi pembeni. Ni futari yetu bila nazi. Siku ya kwanza nilipoionja nililia mezani kwa watu. Wanaila sana tarehe 1 Julai, Keti Koti, siku waliyokatiwa minyororo ya utumwa mwaka 1863. Siku hiyo wanawake wanavaa koto, vazi lao la asili, na kilemba kinaitwa angisa. Sasa dada, angisa inasema kama kanga! Haiandikwi neno, ni namna inavyokunjwa. Jirani yangu alinifunga ya "waache waseme", ncha tatu za kitambaa zimesimama nyuma ya kichwa, na wanga wake bado unanukia. Picha nakutumia. Mwonyeshe Salimu.

Kwa hiyo kanga mlete, doti sita, na majina achague Mama mwenyewe. Jirani nimeshamuahidi mbili. Na mniletee iliki ya Mama Fatuma. Ya huku ipo, Wahindi wengi, lakini naitaka ile ya nyumbani.

Kwenda kwa Wasaramaka, wale wajukuu wa watumwa waliotoroka msituni, kule juu ya mto nitaamua nikiliona goti la Mama. Gari linaishia Atjoni, kisha ni mtumbwi mrefu wa injini, na kushuka kwake ni kuruka majini. Tukienda, simu ikae mfukoni mpaka tuombe ruhusa, wale watu hawapendi kupigwa picha ovyo. Ijumaa nitampeleka msikiti wa Keizerstraat. Mwambie mapema kwamba uko jirani kabisa na sinagogi la Wayahudi, asije akashtuka.

Mwambie pia chumba chake tayari. Nyumba ya mbao, chini saruji, na hati ina jina langu, Zainabu binti Juma. Mswala nimeshautandika. Kibla cha huku siyo kaskazini kama Pangani, ni mashariki, ukielekea kidogo kaskazini. Wajava wengine wazee wa huku bado wanaswali kuelekea magharibi kama babu zao walivyozoea kwao Java, Indonesia, asiwafuate. Nimemchorea mshale wa chaki ukutani, chini kidogo, usawa wa macho yake akiwa amekaa.

Nitumie namba ya pasipoti yake wiki hii.

Mdogo wako,
Zainabu