Kipima-ulevi hakipimi hewa ya mtaani

Mhariri,

Wanaotaka kupima mvuke wa pombe katika hewa ya mji wa Moshi, hasa karibu na vilabu vya mbege, wasitumie kihisio cha MQ-3, kile kifaa kidogo cha kielektroniki cha kuhisi pombe kinachotumika katika vipima-ulevi rahisi. Huanza kuhisi pombe ikifika takriban sehemu 25 kwa milioni za hewa, ilhali hewa ya mjini huwa na sehemu chache kwa bilioni. Tena unyevu na mvuke wa petroli huweza kukidanganya.

Pitisheni hewa lita 1 kwa dakika, saa nzima, katika mililita 10 za maji safi ya maabara, chupa ikiwa kwenye barafu, ili maji yanase pombe. Kisha maji yapimwe kwa gesi kromatografia, mashine ya maabara inayotenganisha kemikali na kupima kiasi cha kila moja. Chupa ya pili ya maji hayohayo, isiyopitishiwa hewa, ni lazima kwa kulinganisha.

Na tafadhali, msipake kitakasa mikono, nacho kina pombe! Tone moja huharibu sampuli zote.

Wapima hewa, Moshi