Mwanangu, anzia kwenye suruali

Mwanangu mpenzi,

Picha uliyonipigia ya mchoro wa Kapteni Burnaby, ofisa wa jeshi la Uingereza, kule National Portrait Gallery, jumba la picha za watu mashuhuri London, nimeiona. Nimeikuza kwenye simu mpaka macho yakaniuma. Unasema huyu kapteni ni mvivu tu, kajilaza kwenye sofa na sigara yake. Hapo nakukatalia.

Wewe umeanzia usoni. Fundi cherehani huanzia kwenye nguo. Utazame ule utepe mwekundu wa suruali, unaofunika mshono wa nje. Miguu imenyooshwa ikakata picha karibu yote, na jicho linaufuata utepe wenyewe bila kuambiwa, kutoka kiatuni hadi kiunoni, halafu unajikuta kwenye masharubu. Huyo Tissot, mchoraji wake, Mfaransa yule, alijua anachokifanya. Nimeshona sare za walinzi na za bendi za shule miaka 30. Utepe kama ule ukipinda kidogo tu, mguu mzima unaonekana kombo.

Na kofia ya chuma na kinga ya kifua zinazong'aa pembeni, unadhani zilisahauliwa pale? Zimewekwa tuzione. Ni maringo ya mtu wa kikosi cha farasi cha walinzi wa Malkia, anayejua hana haja ya kusimama wima ili aheshimiwe. Mvivu na mwenye maringo ni watu wawili tofauti. Tena alikuwa jitu la futi 6 na inchi 4, lakini kachorwa kwenye ubao wa kama sentimita 50 kwa 60, wa kubeba kwapani! Hilo lilinichekesha.

Ila umeipita ramani ya dunia ukutani nyuma yake bila hata kuitaja. Mwaka 1870, kijana wa miaka 28, dunia nzima iko mgongoni kwake kama pambo la sebule. Januari 1885 aliuawa kwa mkuki huku kwetu Afrika, Abu Klea, Sudan, akiwa na kikosi kilichokwenda Khartoum kumwokoa Jenerali Gordon wa Uingereza, aliyezingirwa na watu wa Mahdi, kiongozi wa dini aliyeongoza uasi Sudan. Lakini usiandike kwamba mchoraji alitabiri. Mwalimu wako atakucheka. Andika ramani inasema nini mwaka ule ule wa 1870.

Ukirudi pale, nipigie goti kwa karibu. Nataka kuona utepe kauchoraje pale unapokunjika.

Mama anakusalimu. Anasema koti ulilovaa kwenye ile picha nyingine limekupwaya mabegani. Ukija likizo uje nalo, nikupunguzie.

Baba yako