Tunu za huduma za wanafunzi zianzie kwenye daftari la mhazini

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na viongozi wa huduma za wanafunzi Wakristo vyuoni. Karibu kila tawi lina karatasi ya tunu, na ukizisoma ni zile zile: upendo, umoja, maombi, uadilifu, utumishi. Wengine hupanga herufi za mwanzo zisomeke NURU, na herufi moja ikikosa mwenzake linatafutwa neno lolote la kuziba pengo. Karatasi hiyo haijawahi kumsaidia mwenyekiti kuamua jambo hata moja.

Tunu ni kile ambacho tawi liko tayari kupata hasara kwa ajili yake. Kuipima ni rahisi: andikeni kinyume chake. Kama hakuna tawi lenye akili timamu linaloweza kuchagua kinyume hicho, hamjasema kitu. Nani atachagua chuki? Lakini andikeni "masomo ni sehemu ya utumishi wetu" muone. Maana yake hakuna mkesha wiki mbili kabla ya mitihani ya mwisho wa semista, mazoezi ya kwaya yanakwisha saa 2 usiku, na kiongozi mwenye supu mbili, yaani mitihani ya kurudia, anapumzishwa mpaka azisafishe. Idara ya maombi itapinga, kwaya itanuna. Hapo mjue mmegusa jambo.

Kabla ya kuandika chochote, mhazini alete mapato na matumizi ya miaka miwili, na katibu alete ratiba za semista. Hesabuni saa zilizokwenda kwenye kujifunza Biblia, kwaya, mikesha na vikao. Kisha fedha zilizokwenda kwenye vyombo, nauli za uinjilisti na mfuko wa wahitaji. Tuseme spika na kinanda vimekula shilingi 1,200,000, na walioshinda njaa wakisubiri bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, wamepata 80,000. Tunu yenu halisi ndiyo hiyo, hata kama ukutani pameandikwa "kujaliana".

Kazi ya kuandika wapewe watu 7 hadi 9. Wawemo angalau wawili wa mwaka wa kwanza, mlezi, mhitimu mmoja aliye kazini, dada wasiopungua nusu, na mtu mmoja asiye na cheo wala kipaza sauti. Msiipeleke kwenye mkutano mkuu ikiwa mbichi. Watu 200 kila mmoja ataongeza neno lake, mtatoka na tunu 14 zisizokumbukwa na yeyote. Katika kikao, kila mtu aandike peke yake kwa dakika 10 kabla hajasema mtu, kwa sababu mwenyekiti akianza kusema wengine watakuwa wa "naunga mkono hoja". Tunu 4 au 5 zinatosha. Kila moja iwe na sentensi moja, andiko moja, matendo mawili yanayoonekana, na jambo moja ambalo tawi halitafanya. Mstari huo wa mwisho ndio huachwa mara nyingi, na ndio wenye kazi.

Uadilifu, kwa mfano: sadaka huhesabiwa na watu wawili siku hiyo hiyo na wote kusaini, risiti hurudi ndani ya siku 7, hakuna anayekopa mfuko wa tawi, awe mwenyekiti au nani.

Msichanganye tunu na ungamo la imani. "Biblia ni Neno la Mungu" ni imani, na kamati ya wanafunzi haina mamlaka ya kuipigia kura. Tunu inayotoka humo ni kwamba kila mwanachama huifungua mwenyewe, katika kikundi cha watu 6 hadi 8, kila wiki, hata wiki ambayo mhubiri mgeni amekuja.

Lakini nini kiwe katikati, lazima kisemwe wazi. Mwaka 1910 umoja wa wanafunzi Wakristo wa Cambridge ulijitenga na chama kikubwa cha wanafunzi Wakristo cha Uingereza. Mwaka 1919 pande hizo zilikutana kutafuta kuungana tena, na swali likawa moja: je, damu ya Kristo iliyomwagwa kwa upatanisho ni kiini cha ujumbe wenu? Jibu la chama kikubwa lilikuwa kwamba inakubaliwa, ila si lazima iwe kiini. Mazungumzo yakaishia hapo. Kutoka upande wa Cambridge ndiko lilikochipukia vuguvugu lililozaa IFES, ushirika wa kimataifa wa wanafunzi wa kiinjili, mwaka 1947, ambayo TAFES yetu ya Tanzania ni mwanachama wake.

Umoja ndio huwatesa zaidi. CASFETA ya Wapentekoste au TMCS ya Wakatoliki hazina shida hii sana, kwa kuwa kanisa limeshaamua. Huduma za madhehebu mengi kama USCF na TAFES zinawakusanya Mlutheri anayeomba kimya na mwenzake anayenena kwa lugha chumba kimoja. Kuandika "umoja" tu ni kuahirisha ugomvi. Andikeni kwamba ubatizo na kunena kwa lugha havifundishwi jukwaani, kwamba mhubiri mgeni huelezwa hivyo kabla ya kupewa tarehe, na kwamba tawi halifanyi ibada Jumapili asubuhi, ili kila mtu aende kanisani kwake. Hilo la mwisho pia hupunguza malalamiko ya wachungaji wa jirani kuhusu zaka, ambayo kusema kweli mara nyingine ni ya haki.

Rasimu ikiisha, ijaribuni semista moja. Chukueni mambo matatu yaliyowagawa mwaka uliopita, muone kama ingewapa jibu. Isipotoa, rekebisheni, ndipo iende mkutano mkuu.

Shahada nyingi ni miaka 3 na uongozi ni mwaka 1, hivyo ukifika mwaka wa nne hamtamkuta mwanafunzi hata mmoja aliyekaa kwenye kikao kile. Tengeni muda wa saa mbili kila makabidhiano: viongozi wanaotoka waeleze kila tunu iliwagharimu nini mwaka huo, katibu mpya aandike. Tunu ambayo haikugharimu kitu miaka miwili mfululizo ifutwe.

Mlezi wa wanafunzi,
Morogoro