Wazazi tusomewe matokeo ya miradi ya vijana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie miradi ya kuwakinga vijana dhidi ya VVU na mimba za utotoni, ambayo sisi wazazi wa vijijini huipokea bila kuuliza ilipimwa wapi na ikaonekana kufanya nini.

Hivi karibuni kamati yetu ya shule iliitwa kwenye semina ya siku moja. Tulisaini karatasi ya mahudhurio, tukagawiwa fulana na soda, tukapiga picha ya pamoja mbele ya bango. Nilipouliza kama mafunzo yale yamewahi kupunguza mimba mahali popote, mwezeshaji alinijibu kwamba wanafunzi huyafurahia sana.

Jibu hilo halitoshi, hasa hapa Mwanza. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa MEMA kwa Vijana ulijaribiwa katika jamii 20 za vijijini mkoani humu: 10 zilipata masomo ya afya ya uzazi shuleni pamoja na huduma rafiki kwa vijana kwenye zahanati, na 10 zikabaki za kulinganishia. Vijana zaidi ya 13,000 walipopimwa mwaka 2007 na 2008, uelewa ulikuwa umeongezeka lakini maambukizi ya VVU hayakupungua. Wataalamu wa nchi za mbali wameyasoma matokeo hayo. Kijijini kwetu sijakutana na mzazi anayeyajua.

Magharibi mwa Kenya, mwaka 2004, wasichana wa darasa la nane walielezwa, katika kipindi kimoja cha dakika 40 hivi, kwamba wanaume watu wazima, hao tunaowaita mafataki, wana maambukizi mengi kuliko wavulana wa rika lao. Katika mwaka uliofuata, mimba zilipungua kwa asilimia 28 zikilinganishwa na za shule ambazo hazikupata somo hilo. Wala hapakuwa na fulana, nijuavyo.

Sisemi tuige kila kitu cha jirani. Ninachoomba ni kwamba, kabla mradi wowote haujaingia shuleni, afisa maendeleo ya jamii ausomee mkutano mkuu wa kijiji ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza mradi huo ulipimwa wapi, ulifaulu nini na ulishindwa nini, kisha ukurasa huo ubandikwe kwenye ubao wa matangazo ya kijiji, pale pale yanapobandikwa mapato na matumizi.

Mjumbe wa kamati ya shule ya msingi,
Misungwi, Mwanza