Tunapohama, mtoto mkubwa naye ni mtoto

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie makala mliyoitoa kuhusu kuhama nyumba ukiwa na familia kubwa. Ushauri wenu ni mzuri: maboksi yaandikwe yana nini na yanaingia chumba gani, vitanda vipakiwe mwisho ili vishushwe mwanzo, gari la mizigo litafutwe mapema. Nimeisoma mwanzo hadi mwisho nikitafuta mahali mlipomfikiria mtoto mkubwa. Nilipopapata palikuwa mstari mmoja tu, kwamba wakubwa wasaidie kuwaangalia wadogo, kisha mkarudi kwenye maboksi. Mstari huo ndio ulionifanya nishike kalamu.

Mimi ni mama wa watoto saba, na kwa wazazi wangu nilikuwa kifungua mimba wa watoto wanane. Kuhama nimekujua nikiwa mtoto wa kuambiwa "shika huyo", na nimekujua nikiwa mama mwenye wa kuwaambia. Marehemu baba alikuwa mtu wa kuhamishwa kikazi. Kila tulipoanza kuzoeana na majirani, barua ilikuja. Wazazi wangu walikuwa watu wema na siwalaumu, kwani walikuwa wawili na sisi tulikuwa wanane. Baba alisimama kwenye gari akihesabu mizigo, mama alikuwa na kichanga na vyombo, waliobaki wote walikuwa wangu. Wa miaka miwili nimempakata, wa miaka minne kanishika gauni, wengine nawaita majina kila mara nihakikishe hakuna aliyerudi ndani. Nilikuwa na miaka 12.

Ninachokikumbuka zaidi ni madaftari yangu. Yalitiwa boksi moja na ya wadogo zangu, na kwa kuwa boksi lilikuwa zito likapakiwa la kwanza, chini kabisa. Tulikofika likaishia nyuma ya magodoro ambayo yalikuwa hayajapata chumba. Vyombo vilifunguliwa usiku uleule, nguo zikafuata. Madaftari yalifunguliwa pale mwalimu wa shule mpya alipotaka kuona nilikofikia na mimi sina cha kumwonyesha. Hakuna aliyekusudia. Kila mtu nyumbani alijua mimi ni mkubwa, na mkubwa hujitegemea.

Wahenga walisema mkubwa ni jalala. Siku ya kuhama jalala hilo linafurika.

Tuelewane kwanza kwa nini jambo hili ni la familia zenye watoto wengi hasa. Nyumba yenye watoto wawili, kila mzazi anabaki na mmoja. Wakifika watano, sita, saba, hesabu inakataa. Baba yuko nje na wapakiaji, mama yuko ndani na funguo, na katikati kuna pengo ambalo mtu lazima alizibe. Anayeliziba ni mkubwa, na mara nyingi zaidi ni mkubwa wa kike. Wala haianzii siku ya gari. Inaanza siku ya kwenda kuona nyumba, pale dalali anapouliza idadi ya watoto kabla hata hajauliza jina lako. Wazazi wengi wamejifunza kuingia na watoto wawili, na wengine kubaki barabarani na dada yao, ameambiwa awanyamazishe mpaka mazungumzo yaishe. Mtoto huyo anaelewa vizuri sana kinachofichwa. Marekani walirekebisha sheria yao ya makazi mwaka 1988, wakakataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu anaishi na watoto wa chini ya miaka 18, ukiacha misamaha michache kama nyumba zilizotengwa kwa ajili ya wazee. Ningependa kila mahali pawe na sheria ya namna hiyo, lakini hiyo ni barua nyingine.

Leo nataka tuitazame siku yenyewe ya kuhama, kwa sababu tunachomkabidhi mtoto wa miaka 12 siku ile si kazi ya kitoto. Ni siku ambayo hakuna kitu kilichoko mahali pake. Dawa zilizokuwa juu ya kabati ziko kwenye mfuko sakafuni. Dawa ya kusafishia choo iko pembeni ya chupa za maji ya kunywa. Ndoo imejazwa maji ya kudekia nyumba mpya na kuachwa mlangoni, na mtoto anayeanza kutembea anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache tu, kimya, bila hata kupiga kelele. Kabati la droo limesimamishwa ukutani lakini halijafungwa kwenye ukuta. Mtoto akivuta droo na kuzipanda kama ngazi, lote linamwangukia. Madirisha ya nyumba mpya hujayakagua. Halafu kuna vile vibetri vya duara vya saa na rimoti, ambavyo huchopoka vitu vinapotupwatupwa. Kikimezwa na kukwama kwenye umio, ndani ya saa mbili tu kinaweza kuwa kimeunguza vibaya. Hapo ni hospitali mara moja. Hamsubiri kuona kama atakitoa mwenyewe.

Mtu mzima mwenye uzoefu akiachiwa watoto wawili katika hali hiyo anatoka jasho. Sisi tunamwachia msichana watoto watano, na mmoja akiumia swali la kwanza linalotoka midomoni mwetu ni "wewe ulikuwa wapi?" Najua wanawake watu wazima ambao swali hilo bado wanalo moyoni.

Mwaka jana tulihama, sisi tisa. Mwenye nyumba aliihitaji nyumba yake, tukatafuta nyingine. Mkubwa wangu ana miaka 15, anayemfuata 13, pacha wana 10, halafu wa 8, wa 5 na kitinda mimba wa miaka 2. Nilimwambia mume wangu mapema kwamba safari hii sitaki msichana yule awe mama wa pili. Tukamwomba mdogo wangu, mama yao mdogo, aje siku moja. Hakuja kubeba chochote. Alikuja kuwachukua wale wawili wadogo akae nao kwake, na asiwalete mpaka vitanda viwe vimefungwa na dawa zimepanda juu.

Waliobaki tukawapa kila mmoja kazi yenye mwisho wake. Hili nalisisitiza, maana kazi isiyo na mwisho ndiyo inayomchosha mtoto. "Saidia" haina mwisho. "Angalia wenzako" haina mwisho. Pacha kazi yao ilikuwa skrubu: kila kitanda kilipofunguliwa, walizitia skrubu zake kwenye soksi kuukuu na kuifunga soksi kwenye mbao za kitanda hichohicho. Waliifanya kwa makini kuliko fundi, na usiku hatukutafuta skrubu hata moja. Wa miaka 8 alipewa kalamu ya wino mzito aandike namba ya chumba kwenye kila boksi. Wa miaka 13 alibeba vitu vyepesi akiwa na baba yake, mpaka gari lilipojaa. Mkubwa kazi yake ilikuwa kufungasha vitu vyake mwenyewe na vitabu vya shule vya wote, basi. Mkoba wa vitabu vyake vya mtihani haukupanda nyuma ya gari. Ulisafiri mapajani mwake.

Asubuhi ile alikuja kunisimamia mlangoni, kama kawaida yake.

"Mama, leo mdogo wetu yuko na nani?"

"Na mama mdogo."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka vitanda vifungwe. Wewe maliza vyako."

Alisimama kidogo akiniangalia, nadhani akisubiri niongeze kitu. Sikuongeza. Akarudi chumbani, akaketi chini, akaanza kutoa barua na picha za marafiki zake moja moja kwenye droo, anaisoma, anaiweka. Ilimchukua muda mrefu na nikamwacha. Wiki ile ile nilikuwa nimempa ruhusa ya kutwa nzima akaage marafiki zake, bila kumpa mdogo hata mmoja wa kwenda naye. Mzazi mwenye watoto wengi anajua ruhusa hiyo ina uzito gani.

Msomaji atasema ni kumdekeza. Jirani yangu wa zamani, mtu mzima ninayemheshimu, aliniambia hivyohivyo, kwamba yeye alilea wadogo zake na hakufa. Shikamoo nampa kwa adabu, lakini nina jibu. Sisemi mtoto asifanye kazi. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, una kifungu cha 31 kinachosema wazi kwamba mtoto ana wajibu: autumikie mshikamano wa familia yake, awaheshimu wazazi na wakubwa, awasaidie wanapohitaji. Ila kifungu hichohicho kinaweka sharti kwamba ni kwa kadiri ya umri na uwezo wake. Wajibu tunaukumbuka sana, umri na uwezo tunausahau mara gari la mizigo linapopiga honi.

Tena mtoto huyu naye anahama. Hili ndilo linalonigusa kuliko yote. Mwaka 1967 madaktari wawili wa Marekani, Holmes na Rahe, walitengeneza orodha ya matukio 43 ya maisha yanayomletea mtu msongo, kila tukio na alama zake za uzito. Kuhama makazi kulipewa alama 20, kubadili shule alama 20. Orodha ile ilipimwa kwa watu wazima, lakini mtazame mtoto wa miaka 15: yote mawili yanamwangukia siku moja, na juu yake tunampa watoto wa kubeba. Mdogo wa miaka miwili akiwa na mama yake na blanketi lake, nyumba yake haijaondoka. Wa miaka 8 akipata wa kucheza naye jioni ya kwanza, keshazoea. Mkubwa ana marafiki wa miaka mingi, ana mwalimu anayemjua anapokwama, ana mtihani mbele yake. Yeye ndiye anayepoteza vingi kuliko wote, na kwa kuwa halii hadharani tunadhani amekubali.

Kwa hiyo mwambieni yeye kabla ya wadogo. Msimwambie siku maboksi yanapoletwa. Mwambieni nyumba ikiwa bado inatafutwa, na muulizeni anaonaje, hata kama uamuzi hautabadilika. Binti yangu aliuliza swali moja tu, kama atapata mahali pa kusomea penye taa pasipo na watoto. Tulikwenda kuziona nyumba zile tukiwa na swali lake, na moja tuliiacha kwa sababu hiyo. Chumba cha peke yake hatukuweza kumpa, tuko tisa. Ana pembe yake nyuma ya pazia, ina meza na taa, na wadogo wanajua pazia likiwa limefungwa hawapiti.

Kwa walimu wakuu nina ombi. Mzazi akija na watoto watano wa kuhamisha kwa pamoja, hupokelewa kwa mkupuo: fomu tano, vyeti vya kuzaliwa vitano, ripoti tano. Vyeti na kadi za chanjo tunavyo, tumebeba mkobani, hatukuvipakia kwenye gari. Tunachoomba ni yule aliye darasa la mtihani aitwe peke yake, akae na mwalimu, ajulikane alikofikia katika kila somo, kabla hajapotelea katika kundi la wadogo zake. Na wenye nyumba, mnapotaka nyumba yenu, ambayo ni haki yenu, ulizeni muhula unafungwa lini. Wiki chache za subira kwenu ni muhula mzima kwa mtoto huyo.

Na wewe ndugu, shangazi, jirani unayesikia familia ya watoto wengi inahama, usiulize "nije niwasaidie kubeba nini?" Wa kubeba wanapatikana. Sema hivi: nileteeni wale wawili wadogo tangu asubuhi, nitawarudisha wakiwa wameoga na wamekula. Na kama wazazi wakiona haya kukubali, kwa sababu wengi wetu tumezoea kusema "dada yao yupo", rudia kusema mara ya pili.

Ni mimi,
Mama wa watoto saba